Panya Aliyepoa

Panya mzima ukimtia kiganjani anakuchoma. Watu hawalijui hilo. Wanadhani panya ni kitu baridi cha mtaroni, cha kufukuzwa kwa ufagio, na mimi nilidhani hivyo hivyo mpaka nilipopata kazi ya kutunza panya weupe wa utafiti, Kilifi. Siku ya kwanza nilishikishwa mmoja, nikahisi kama nimeshika kijiko kilichotoka kwenye chai ya moto. Nikapiga ukelele. Waliokuwepo wakanicheka, nami nikawanunia wiki nzima, maana mimi kununa sihitaji kusukumwa.

Kwetu Malindi nilichekwa zaidi. Jirani yangu, kila akiniona natoka alfajiri kungoja gari la wafanyakazi, alikuwa akiniuliza, "Shoga, wanao wameamkaje?" Namjibu wameamka salama, wanamsalimu, na mmoja anataka kuja kumposa bintiye. Basi hapo anarudi ndani kwake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Kubadilisha maranda kwenye vizimba, kuosha vyombo vya maji, kupima uzito, kupima joto, kuandika. Niliifanya miaka kadhaa bila kuuliza mengi. Utafiti ulikuja na ukaondoka, wa malaria, wa chanjo, na mimi nikabaki na ufagio wangu na kalamu yangu. Kisha akaja daktari.

Daktari huyu ni mwanamke wa Malindi, mtoto wa duka la vitambaa. Wazee wake ni Wahindi, na Kiswahili chake ni cha mjini kwetu kabisa, wakati mwingine ananishinda mimi. Alikuwa amefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, na alituambia waziwazi kwamba ameingia utafiti kwa hasira. Kuna ugonjwa mmoja uliokuwa ukimwibia wagonjwa mikononi. Yeye huuita sepsis. Sisi mtaani tunasema damu imeingia sumu.

Alitukalisha, mimi na mwenzangu, siku ya kwanza. Mwenzangu ni mtu wa Jilore, Mgiriama, mkulima wa mahindi na mzee wa kanisa, wa rika langu. Ni mpole mpaka ananiudhi. Daktari akatueleza kama anavyoeleza mtu jambo linalomuuma. Vijidudu vinaingia kwenye damu. Mwili unashtuka, unapigana ovyo, na katika kupigana huko damu inaanza kuganda ndani kwa ndani, kwenye vijishipa vyembamba kuliko unywele. Figo zinakosa damu, mapafu yanakosa, vidole vinakosa. Mtu anakufa kwa kinga yake mwenyewe.

"Lakini," akasema, "Mungu hakutuacha hivi hivi. Ndani ya damu kuna protini inayosema sasa basi, usigande zaidi. Kila mtu anayo. Ini lake ndilo linaloiunda. Ugonjwa huu ukiingia, ile protini inakwisha haraka. Mimi nataka kujua: tukimwongezea mgonjwa kutoka nje, atasimama?"

Alisema wazo si lake peke yake. Wenzake kwingineko walilihangaikia, na wengine walivunjika moyo, kwa sababu ukizidisha kuzuia damu isigande unaweza kumfanya mgonjwa avuje damu. Ile protini yake ilikuwa imebadilishwa kidogo ili isivujishe. Ilikuwa lazima ianzie kwa panya. Baada ya panya ndipo wanyama wakubwa, na baada ya hapo, inshallah, binadamu.

Nilikuwa nikimsikiliza nimesimama. Hapo nikakaa. Mimi nilipomzaa kitinda mimba wangu niliugua homa ya uzazi, nikalala siku nyingi sijijui, na nilipozinduka vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeusi kama makaa. Vikakatwa. Hakuna aliyenieleza kwa nini ugonjwa wa tumbo la uzazi uchukue vidole vya mguu. Shangazi yangu alisema ni jicho la mtu, nami nikamshuku mwanamke mmoja wa mtaani kwetu miaka chungu nzima, maskini ya Mungu, nisimpe hata mkono Idi. Nikamwonyesha daktari mguu. Aliuinamia akautazama, akachukua kalamu, akachora mshipa, akachora damu imejikunja ndani yake kama uzi uliofungana fundo. "Vidole vyako vilikwenda hapa," akaniambia. Nilitaka kwenda kumwomba msamaha yule mwanamke siku ile ile.

Kisha akatuonyesha kitu ambacho sitakisahau. Alichukua damu kidogo ya panya mzima, akaigawa kwenye vijichupa viwili vya kioo. Cha kwanza akakiinamisha: damu ikatiririka. Akakiinamisha tena: ikasitasita. Mara ya tatu ikasimama pale pale, imeshikana, unakigeuza kijichupa juu chini na haidondoki. Cha pili alikitia tone moja la ile protini. Kila akikiinamisha, damu inatiririka. Mwenzangu alivua kofia. Mimi nilisema subhanallah, nikasema tena, na daktari akakiinamisha mara nyingine kwa ajili yetu tu, anatabasamu kama mtoto. Nilifikiri: kitu hiki kimo ndani yangu sasa hivi, kinafanya kazi, wala sijawahi kukishukuru.

Tangu siku ile niliitaka dawa ile ifae. Sifichi. Niliitaka kuliko daktari mwenyewe, na nikiswali nilikuwa naitaja.

Jaribio lilikwenda hivi. Panya waliambukizwa vijidudu, wakapewa dawa ya kutuliza maumivu, kisha kila mmoja akadungwa kutoka kwenye chupa yake. Nusu ya chupa zilikuwa na protini, nusu maji ya chumvi matupu. Zote zinafanana, kila moja na nambari tu, na orodha ya nambari ilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa mfamasia wa jengo jingine. Hata daktari hakujua. Alisema hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mtu akijua, jicho lake linaanza kupendelea. Nikamwambia jicho langu mimi halipendelei. Akacheka sana.

Panya hawaugui kama sisi. Mtu mwenye sumu kwenye damu mara nyingi anawaka homa, panya anapoa. Joto linashuka, linashuka, anajikunja pembeni manyoya yamesimama. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mwekundu. Joto likivuka chini ya mstari ule, panya huyo harudi, na kanuni inasema asiachwe ateseke. Anapimwa mara ya pili na mtu wa pili, na joto likiwa chini bado, analazwa kwa sindano, asiamke tena. Kisha anaandikwa amekufa.

Fomu aliiandika daktari mwenyewe kwa Kiswahili. Zile za zamani zilikuwa za Kiingereza, na watu walikuwa wakijaza mambo ya ajabu. Alijivunia sana fomu yake. Palikuwa na nafasi ya nambari, nafasi ya joto, na chini kabisa nafasi pana iliyoandikwa "Hali yake".

Siku ya tatu ya ugonjwa, tangu asubuhi, nilikuwa nimegombana na mwenzangu. Sababu ilikuwa maranda. Nilimwambia amwage ya jana, akasema bado ni makavu, nikamwambia nyumbani kwake alale kwenye makavu yake, na ikawa hivyo mpaka jioni, hatusemezani. Kabla ya kutoka nilipima panya wangu mara ya mwisho. Wa kizimba cha saba alikuwa chini ya mstari. Nilimshika, hakuwa na uzito wa roho. Alikuwa baridi kama chupa ya soda. Niliandika joto lake kwenye kidaftari changu cha mfukoni, nikikusudia mwenzangu apime mara ya pili na aandike yote mawili kwenye fomu, kama kawaida. Gari la wafanyakazi likapiga honi. Ningekwenda kumwambia ana kwa ana, lakini nilikuwa nimenuna. Nikapitia mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, yeye yuko ndani anavaa koti la kubaki na panya usiku ule, nikapaza sauti:

"Wa saba amepoa!"

Akajibu kutoka ndani, "Mungu ni mwema!"

Nikaenda zangu kwenye gari, nimekasirika mara mbili. Mtu gani anaambiwa kiumbe kinakufa anasema Mungu ni mwema? Tulipofika Gede bado nilikuwa nasonya.

Asubuhi yake niliingia nikitarajia kizimba kitupu. Wa saba alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, anakunywa maji.

Sikuamini macho yangu. Nilisoma nambari ya kizimba, nikasoma tena. Nilimtoa nikamtia kiganjani. Alikuwa anachoma. Akanikojolea, na wallahi sikujali. Nikaita mwenzangu kwa sauti iliyoleta watu wawili wa chumba cha pili.

"Mbona hukumlaza huyu?"

"Nimlaze kwa nini?" akaniuliza. "Si ulisema amepoa?"

"Ndiyo! Amepoa!"

"Basi?"

Tukatazamana. Akanyanyua fomu akanionyesha. Kwenye nafasi ya "Hali yake" alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kanisani: *Amepoa.* Hapo ndipo ilipoingia kichwani, kwake na kwangu kwa pamoja. Kwetu ukienda kumjulia hali mgonjwa unamwuliza, "Umepoa?" naye anakujibu, "Nimepoa, alhamdulillahi." Uji unapoa, homa inapoa, mtu anapoa, na ni neno lile lile. Mimi nilimwambia panya amekuwa baridi, anakufa. Yeye alisikia panya amepata nafuu, akamshukuru Mungu wake, na kwa kuwa kanuni inasema aliyepata nafuu asisumbuliwe mpaka asubuhi, hakumgusa.

Nikaanza kucheka. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye kiti akaweka mikono magotini.

"Tumemwacha ateseke, dada," akasema.

Kicheko kikanikauka. Alikuwa anasema kweli. Kiumbe kile kilipita saa zote zile za baridi ambazo kanuni iliwekwa ili zisikipate, na kilipita kwa sababu mimi nilinuna kwa ajili ya maranda.

Kisha nikaanza kufikiri, na kufikiri kwangu hakukuwa kuzuri. Joto lile la chini lilikuwa kwenye kidaftari changu tu. Fomu ilisema amepoa, na ukiangalia kizimbani, amepoa kweli. Tukinyamaza, wa saba angehesabiwa mzima, naye kwa vyovyote alikuwa amepata dawa, maana panya gani anarudi kutoka chini ya mstari kwa maji ya chumvi? Tukisema, kamati inayolinda wanyama ingeweza kusimamisha jaribio, na ruhusa ya daktari ya kutumia vyumba vile ilikuwa inakwisha na mzunguko ule ule wa jaribio. Nilimwona shahidi wangu bora anafutwa. Niliona dawa inayorudisha watu, na mimi ndiye ninayeizuia kwa mdomo wangu.

"Mimi nitakwenda kusema," mwenzangu akasema. "Waniachishe kazi."

"Wewe kaa hapo," nikamwambia. "Mdomo ulikuwa wangu."

Nikapiga moyo konde nikaenda. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na kwa mtu wa Malindi hilo si jambo dogo. Aliomba kidaftari. Akasoma lile joto, akauma mdomo. Nilingoja anifokee, nami nilikuwa nimejiandaa kumjibu, maana hata nikiwa na makosa huwa najibu. Hakunifokea. Alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Fomu yangu," akasema. "Ya Kiswahili. Ili watu wasikosee." Kisha akafuta macho akawa daktari tena. Tuliandika barua kwa kamati, sote watatu.

Kamati ilitukaripia, na tulistahili. Iliamua jaribio liendelee, fomu ibadilishwe, na hakuna tena kupashana habari za mgonjwa kupitia mlangoni. Kuhusu wa saba, daktari alitueleza kanuni: alivuka mstari, kwa hiyo katika hesabu ataandikwa amekufa, na chini yake pataandikwa maelezo.

"Lakini anakula," mwenzangu akasema.

"Anakula," daktari akakubali.

Basi siku zilizobaki nilikuwa nikimwosha na kumlisha marehemu. Alinenepa. Manyoya yake yalilala yakang'aa. Nikimwinua namwambia, wewe ndiye utakayewaonyesha. Siku ya mwisho panya wote waliobaki wanalazwa, ili damu na viungo vyao vichunguzwe; ndivyo kazi ilivyo, na ukishindwa nayo usiingie. Wa saba nilimlaza mimi mwenyewe. Nilisema bismillahi. Damu yake ikaingia kwenye kijichupa chake, chenye nambari yake.

Bahasha ilifunguliwa siku nyingine, mchana, chumba cha mikutano, madirisha wazi na upepo unataka kutuchukulia karatasi. Daktari alituita sisi pia, ingawa si kawaida. Mfamasia akasoma nambari moja moja, na daktari akawa anaweka alama kwenye safu mbili. Hata mimi nisiyejua hesabu niliona. Waliopata protini wamebaki wengi kuliko waliokosa. 

"Saba," mfamasia akasoma. "Maji ya chumvi."

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamwambia amekosea mstari. Akanigeuzia karatasi, nikaona mwenyewe.

Kisha mwenzangu akauliza taratibu, kama anayeuliza kanisani, "Sasa aliitoa wapi?"

Daktari alifungua majibu ya damu, akayapitia kwa kidole mpaka akafika. Ile protini ilikuwemo. Nyingi, kuliko ya panya mwingine yeyote wa maji ya chumvi. Ya kwake mwenyewe. Akiwa baridi kama chupa, pembeni mwa kizimba, peke yake, mwili ule mdogo wa kutoshea kiganjani ulikuwa unaiunda, tone kwa tone, kitu kile kile tulichokitafuta sisi kwa mashine na madigrii. Sijawahi kusimama karibu na jambo kubwa kiasi kile, na nilikuwa nikilioshea vyombo vyake kila asubuhi.

Daktari alirudi kwenye safu zake mbili. Akapiga hesabu, akaifuta, akaipiga tena. "Kanuni inanipa haki ya kumhesabu amekufa," akasema. "Nikimhesabu amekufa, dawa imefaa, na tunakwenda kwa wanyama wakubwa. Nikimhesabu mzima, panya ni wachache, tofauti haitoshi. Haitakuwa imethibitika." Akatutazama, mimi zaidi. Alijua mguu wangu. Alijua ninavyoitaka.

Nilifungua mdomo kusema kanuni ni kanuni. Wallahi ndicho nilichokusudia kusema, na hakuna ambaye angenilaumu.

"Alikuwa mzima," nikasema. "Mimi nilimshika."

Daktari akavuta karatasi ya muhtasari aliyokuwa ameanza kuiandika. Alifuta "imefaa", akaandika kwa mkono "haijathibitika, irudiwe", akatia saini. Mwenzangu akatia yake. Nilipopewa kalamu niliandika jina langu vibaya nikalirudia. Nilikuwa nikitia saini kupinga kitu nilichokitaka kuliko chochote tangu nipoteze vidole vyangu, na aliyenilazimisha alikuwa panya.